Flashi na shata taratibu: jinsi ya kupiga picha zenye mwendo na rangi, ukumbini na nje

Picha nyingi za harusi zinazopigwa kwa flashi zina ugonjwa mmoja: watu weupe kama wamemwagiwa unga, na nyuma yao giza totoro. Mapambo yaliyogharamiwa, taa za rangi, meza ya keki, vyote vimemezwa. Lawama huangukia flashi, lakini mara nyingi mkosaji ni shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, iliyoachwa kwenye 1/200 ya sekunde. Kwa kasi hiyo taa za ukumbi hazipati muda wa kuingia kwenye kamera.

Picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana kwenye fremu moja. Ya kwanza inapigwa na taa zilizopo pale ukumbini, kwa muda wote shata ikiwa wazi. Ya pili inapigwa na flashi, na muda wake ni mfupi mno. Chukua Nikon SB-900: kwenye nguvu kamili inawaka kwa takriban 1/880 ya sekunde, na ukiishusha hadi 1/128 ya nguvu yake inawaka kwa takriban 1/38500. Kwa hiyo ukiacha shata wazi kwa 1/200 au kwa sekunde nzima, mwanga wa flashi unaoingia ni uleule.

Hapo ndipo ilipo siri ya mchezo wote. Shata inatawala taa za ukumbi tu. Nguvu ya flashi na umbali wake vinatawala flashi tu. Tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, vinagusa zote mbili kwa pamoja. Ukitaka nyuma kung'ae zaidi bila kuwagusa wahusika, punguza kasi ya shata. Ukitaka wahusika wang'ae zaidi bila kugusa nyuma, pandisha nguvu ya flashi. Usihangaike na kitu cha tatu mpaka hivi viwili vikuishie.

Kupanga kamera kabla wageni hawajaingia

Fika mapema, taa za sherehe zikiwa tayari zimewashwa, kisha fanya hivi:

1. Zima flashi. Weka kamera kwenye M, yaani kila kitu unakipanga mwenyewe, ISO 800, tundu la lenzi f/5.6, lenzi kwenye milimita 24 hadi 35.
2. Piga ukumbi mtupu kwa 1/8, kisha 1/15, kisha 1/30. Chagua ile ambayo ukumbi unaonekana hafifu kidogo kuliko unavyouona kwa macho, kama stopu moja au moja na nusu chini. Stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu, au kuuongeza mara mbili. Kwenye kumbi nyingi zenye taa za mapambo utaangukia 1/15.
3. Washa flashi, nayo iweke kwenye M. Ikiwa ina kifuniko kidogo cha kulainisha mwanga na mtu yuko mita mbili na nusu, anza na nguvu ya 1/32. Ukiielekeza kwenye dari jeupe la mita tatu, anza na 1/4, maana mwanga unasafiri mbali zaidi na dari nalo linabakiza sehemu yake.
4. Mweke mwenzako mahali wachezaji watakaposimama, mpige, rekebisha nguvu ya flashi mpaka ngozi yake ikae vizuri. Shata usiiguse.

Lenga kwa mkono pia. Gizani kamera huhangaika kutafuta mahali pa kulenga, na wakati inahangaika bi harusi ameshazunguka mara mbili. Kwa kamera ya fremu nzima, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 24 kwenye f/5.6 ukiilenga mita mbili na nusu, vitu kuanzia mita moja na nusu hadi karibu mita tisa vitakuwa vikali vya kutosha. Bandika kipande cha selotepu kwenye pete ya kulengea isisogee, halafu ukumbi wote ni wako.

Kuhusu TTL, yaani kuiachia kamera ipime yenyewe: si dhambi, ila ijue tabia yake. Inadhani kila kitu duniani ni cha kijivu. Kanzu nyeupe na shela vikijaa fremu, itapunguza mwanga, na nyuso zitazama gizani. Ongeza flashi kwa +0.7 hadi +1. Suti nyeusi au buibui vikijaa fremu, itazidisha, na nyuso zitaungua. Shusha hadi -0.7 au -1. Kwenye harusi vyote viwili hupita mbele ya lenzi ndani ya dakika moja, ndiyo maana M inakupumzisha: umbali usipobadilika, mwanga haubadiliki.

Kuserebuka: shata ya 1/15 na chini yake

Muziki ukishika kasi, hapa ndipo mbinu hii inalipa. Flashi inagandisha uso na mikono kwa nukta moja. Baada ya hapo, au kabla yake, shata iliyobaki wazi inachora mkia wa rangi kutoka kwenye taa na nguo zinazong'aa. Mtu anaonekana mkali na anacheza kwa wakati mmoja.

Kwa 1/15 mkia ni mdogo, kama pumzi tu. Kwa 1/8 taa za nyuma zinaanza kuwa mistari. Kwa 1/4 ukiitikisa kamera kusudi, ukumbi mzima unazunguka. Kupita nusu sekunde unahitaji mkono uliozoea na nyuma yenye giza, la sivyo unapata uji.

Mwendo wa kamera una aina tatu zinazofaa kujifunza. Kuzungusha: shika kamera sawa, bonyeza, na mara flashi inapowaka izungushe kama usukani, kidogo tu, robo ya mzunguko au chini. Uso ulio katikati ya fremu hautahama sana. Taa za pembeni zitachora duara. Kuvuta lenzi: anza na milimita 24, bonyeza kwa 1/4, vuta hadi 50 wakati shata ingali wazi, taa zote zitakimbia kutoka katikati kwenda nje. Kufuata: geuza kiuno pamoja na mchezaji anayepita, kama unavyofuata mpira kwa macho.

Sasa makosa, kwa sababu yapo na yanaudhi.

Kosa la kwanza ni mistari ya taa kukatiza usoni. Unazungusha kamera, na zile taa ndogo za mapambo zinapita juu ya paji la uso wa bwana harusi kama mikwaruzo. Sababu ni hii: flashi iliandika uso mara moja, lakini shata bado iko wazi, na mahali pale penye uso panaweza kuendelea kupokea mwanga mwingine. Ngozi nyeusi, nywele nyeusi na suti nyeusi huathirika zaidi, maana sehemu yenye giza kwenye picha bado ina nafasi ya kuandikwa juu yake. Shela jeupe lililopigwa sawasawa na flashi limekaribia kujaa, hivyo mstari wa taa ukipita juu yake hauonekani sana. Tiba: panga fremu ili taa ziwe juu ya vichwa au pembeni kabisa, na uzungushe uso ukiwa katikati. Taa zikiwa nyuma ya kichwa moja kwa moja, usizungushe.

Kosa la pili ni mtu kuonekana kama mzimu, ukuta ukionekana ndani ya bega lake. Hilo hutokea ukuta wa nyuma unapokuwa mweupe na umewashwa taa kali. Mtu akihama baada ya flashi, ukuta unaandikwa mahali alipokuwa. Hamia upande ambao nyuma yake ni giza: pazia la rangi nzito, umati wa watu, mlango ulio wazi usiku. Kama huwezi kuhama, rudi 1/30.

La tatu ni picha kuwa laini kila mahali, hakuna hata sehemu kali. Hapo taa za ukumbi zinashinda flashi. Kwa mtu mkali kwenye mwendo, mwanga wa ukumbi unaomwangukia yeye uwe chini ya flashi kwa stopu mbili au zaidi. Fundi wa video akimmulika mchezaji na taa yake ya juu ya kamera, mbinu inavunjika palepale, kwa sababu taa ile haizimiki. Zungumza naye mapema mgawane nyimbo. Kugombana katikati ya ukumbi hakujawahi kuokoa picha.

Faida moja usiyoitegemea: taa za LED za jukwaani, hasa za bei nafuu, huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Kwa shata ya 1/200 unapata mistari ya giza na rangi kwenye picha. Kwa 1/15 mizunguko mingi inaingia kwenye picha moja na mistari inapotea.

Pazia la kwanza au la pili

Shata ya kamera ina mapazia mawili. La kwanza likifunguka kamera huanza kupokea mwanga, la pili likifunga inaacha. Kawaida flashi huwaka mara la kwanza linapomaliza kufunguka. Ukichagua pazia la pili, lililoandikwa "Rear" kwenye kamera nyingi, flashi inasubiri hadi mwisho.

Kwa watu wanaocheza mahali pamoja hakuna tofauti ya maana, usijisumbue. Tofauti inaonekana kwa kitu kinachokwenda upande mmoja. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa inasafiri mita 10 kila sekunde, kwa hiyo kwa shata ya 1/15 itakuwa imesogea sentimita 67 hivi. Kwa pazia la kwanza, flashi inaigandisha mwanzoni na mkia wa taa unatokea mbele yake, kana kwamba inarudi nyuma. Kwa pazia la pili mkia unabaki nyuma, na jicho linaridhika.

Ukipiga picha ya namna hiyo, iwe na dereva mliyekubaliana, mahali pasipo na magari mengine, na flashi ikae pembeni au nyuma yake kidogo. Flashi ya usoni usiku inampofusha kwa sekunde kadhaa. Kamera ifuate mwendo wake, 1/15 hadi 1/30, na uendelee kugeuka hata baada ya kusikia shata.

Matarumbeta yakipita jioni na bwana harusi, kanuni ni hiyohiyo ila mwendo ni wa miguu: 1/8, pazia la pili, nawe ukirudi kinyumenyume kwa kasi yao. Shaba ya matarumbeta inang'aa vizuri kwa flashi ya pembeni. Flashi ikitoka juu ya kamera moja kwa moja, kila tarumbeta inakuwa kioo na unapata madoa meupe.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwenye TTL flashi hutoa mwanga mdogo wa kupimia kabla shata haijafunguka. Ukitumia pazia la pili kwa 1/4, watu huona ule wa kwanza, wanadhani picha imeisha, wanageuka, kisha flashi yenyewe ndiyo inawaka. Weka M, mwanga wa kupimia utatoweka. La pili: kwenye Canon, pazia la pili mara nyingi linakataa kama flashi au triga (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali) haitambuliki na kamera, wakati kwenye Nikon na Sony unalichagua kwenye menyu ya kamera yenyewe. Jaribu nyumbani, si siku ya kazi.

Dari, kuta na vitambaa

Mwanga unaogonga dari unarudi na rangi ya dari. Dari jeupe la jipsamu ni zuri kuliko vifaa vingi vya dukani. Ukuta wa kijani utamfanya bi harusi aonekane mgonjwa, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayomponya kabisa, kwa sababu kijani kiko upande mmoja wa uso tu. Paa la makuti linakunywa mwanga karibu wote. Turubai la mapambo ya rangi ya zambarau linarudisha zambarau.

Penye dari baya, usipandishe nguvu kwa hasira. Geuza kichwa cha flashi nyuma au pembeni, tafuta ukuta mweupe, nguzo, hata kanzu ya mgeni aliyesimama karibu. Mwanga unaotoka pembeni unachonga uso: pua inapata kivuli, shavu linapata umbo. Mwanga wa juu peke yake huacha macho kwenye mashimo. Kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi inarudisha kidogo mbele na kuweka nukta ya mwanga ndani ya jicho.

Ngozi nyeusi ina uzuri wake kwenye flashi, na ina mtego wake. Jasho na mafuta hurudisha mwanga kama kioo, hivyo flashi ndogo ya mbele inaweka doa jeupe kwenye paji la uso na pua huku sehemu nyingine ikibaki nzito. Wengi hujibu kwa kuongeza mwanga, doa likazidi. Dawa ni kuongeza ukubwa wa chanzo, si nguvu yake: mwanga mpana kutoka pembeni, kutoka ukutani au kupitia mwamvuli, hutandaza ule mng'ao ukafuata umbo la shavu badala ya kuwa doa. Tishu mfukoni kwa ajili ya bwana harusi nayo ni kifaa cha kazi.

Flashi ya moja kwa moja, kali, yenye kivuli chenye ncha, si kosa ukiichagua mwenyewe. Mpiga picha wa Mali, Malick Sidibé, alizipiga dansi za vijana wa Bamako miaka ya 1960 kwa flashi ya namna hiyo, na zile picha bado zina moto. Ikiwa ni hivyo, msogelee mtu hadi mita moja na nusu, shusha nguvu, na umweke mbali na ukuta kwa mita mbili au zaidi. Kivuli kilichoganda ukutani nyuma ya sikio ndicho kinachofanya picha ionekane ya kitambulisho.

Rangi: karatasi ya chungwa ina kazi mbili

Flashi inatoa mwanga wa rangi ya mchana, karibu 5500 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unakuwa wa njano zaidi. Taa nyingi za njano ukumbini ziko karibu na 3000. Ukipiga bila kufanya kitu, wahusika wanakuwa weupe wa baridi na nyuma yao chungwa. Kuna wanaopenda hivyo, na inafaa: mtu anajitokeza.

Ukitaka vilingane, funika flashi kwa jeli ya chungwa ya CTO, yaani karatasi angavu inayogeuza mwanga wa mchana uwe wa njano, kisha weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye 3200. Jeli kamili, kama Lee 204, inashusha mwanga hadi karibu 3200 na kula takriban stopu moja ya nguvu. Nusu yake, Lee 205, inafaa zaidi ukumbi ukiwa na taa mchanganyiko. Selofeni ya kufungia zawadi inafaa kwa rangi za kuchekesha, nyekundu au bluu, lakini si mbadala wa CTO, na ikigusa kioo cha flashi kwenye nguvu kamili inayeyuka na kung'ang'ania. Acha nafasi ya nusu sentimita.

Kazi ya pili ya jeli hiyo ni nje, jioni. Weka CTO kamili kwenye flashi, kamera kwenye 3200, piga watu mbele ya anga. Uso unabaki na rangi yake, maana jeli na kamera vimefutana. Anga halina jeli, hivyo linageuka bluu nzito, hata siku yenye mawingu ya kijivu yasiyo na mvuto wowote. Anza na 1/200, f/8, ISO 100, flashi nje ya kamera kupitia mwamvuli, mita moja na nusu kutoka usoni, nguvu ya 1/2 bila jeli au nguvu kamili ikiwa na jeli. Anga likiwa na mwanga mno, shusha tundu hadi f/11 na usogeze mwamvuli karibu. Likiwa zito mno, punguza shata hadi 1/100, kisha 1/60, kadiri giza linavyoingia. Karibu na ikweta jua linazama karibu wima, kwa hiyo una kama dakika 20 tu kati ya machweo na giza. Pima mwanga, panga stendi na fanya majaribio kabla ya jua kuzama. Wanaoanza kufungua mikoba saa kumi na mbili na nusu hurudi na picha za giza.

Stendi iwekewe uzito. Mwamvuli ufukweni ni tanga; mfuko wa mchanga wa kilo tano ni rahisi kuliko flashi mpya.

Ukipita kasi ya kuoana

Kila kamera yenye mapazia ina kasi ya mwisho ambayo shata na flashi vinaoana. Canon 6D ni 1/180, Canon 5D Mark III ni 1/200, Nikon D850 ni 1/250. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na unapata utepe mweusi kwenye upande mmoja wa picha. Flashi nyingi zina HSS, inayotoa mfululizo wa miweko midogo wakati upenyo wa mapazia unapita, lakini inakula nguvu nyingi, stopu mbili au zaidi. Mchana wa jua kali flashi ndogo moja kwenye HSS huishia kuwa pambo. Ni nafuu kumpeleka mtu kivulini. Shata ya kielektroniki ya kimyakimya, kwa kamera nyingi, haiwashi flashi kabisa. Mtu akilalamika flashi imekufa, angalia hapo kwanza.

Flashi nyuma ya mtu

Mbinu ya haraka kwa ngoma ya kwanza ya maharusi: ficha flashi moja sakafuni nyuma yao, mita mbili, kichwa kikiwaangalia migongo, nguvu 1/16, ikiwashwa na triga ya redio. Moshi wa jukwaani ukimwagwa, moshi huo unakuwa taa. Usipomwagwa, unapata ukingo mwembamba wa mwanga kwenye nywele, mabega na shela. Miili yao lazima iifunike flashi kabisa; ikichungulia, picha inajaa ukungu. Mvua nayo inahitaji hivihivi: matone hayaonekani vizuri flashi ikiwa mbele, yanaonekana ikiwa nyuma. Ifunge kwa mfuko wa plastiki angavu.

Triga za kichina za gigahezi 2.4 zinatosha kwa ukumbi, ila mfumo mmoja hauongei na mwingine. Flashi kuukuu za enzi ya filamu usizichomeke juu ya kamera ya kidijitali bila kuzipima. Nyingine zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu na zinaweza kuiua.

Miweko mingi kwenye picha moja

Flashi zenye hali ya "Multi" au "RPT" zinawaka mara kadhaa shata ikiwa wazi. Hesabu yake ni fupi: idadi ya miweko gawanya kwa mara kwa sekunde, jibu ni muda wa shata. Miweko 8 kwa 8 kwa sekunde ni sekunde moja. Giza liwe kamili, na kitambaa cheusi kisichong'aa kiwe mita tatu nyuma ya mchezaji, flashi ikiwa pembeni isikiguse.

Kinachoharibu picha hizi ni mguu uliokanyaga. Mkono unaopita hewani unaandikwa mara moja kila mahali, lakini mguu uliosimama palepale unapigwa mara nane, yaani stopu tatu zaidi, na unaungua. Mwambie mchezaji avuke fremu kutoka upande mmoja hadi mwingine, au uvishe mguu soksi nyeusi na ukubali upotee gizani.

Ndugu wa mbinu hii ni kuchora kwa taa. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimpa mchoraji Pablo Picasso taa ndogo ya umeme gizani. Picasso akachora hewani shata ikiwa wazi, na flashi ikamwonyesha mchoraji mwenyewe. Kwa simu yenye tochi unaweza: ISO 100, f/11, sekunde 10, kamera kwenye tripodi, pazia la pili. Mchoraji avae nguo nyeusi, tochi iangalie lenzi, na amalize kuchora sekunde moja kabla, atulie. Flashi ikiwaka akiwa bado anatembea, uso utakuwa sawa lakini mstari utamkatiza kifuani.

Betri na joto

Tumia za kuchaji za NiMH, nne za aina moja, zilizonunuliwa siku moja na kuchajiwa pamoja. Betri za redio zinashindwa kujaza flashi kwa haraka. Pandisha ISO badala ya nguvu: kwenye 1/16 flashi iko tayari karibu papo hapo, kwenye nguvu kamili unasubiri sekunde mbili, tatu, au zaidi betri zikichoka. Ukipiga mfululizo kwa nguvu kamili kichwa kinapata moto na flashi nzuri hujizima kujilinda. Isiyo na ulinzi huo inaungua kioo kikawa cha kahawia. Keki ikikaribia kukatwa, badilisha betri hata kama zilizomo bado zinawaka, na weka zilizotoka kwenye mfuko wa kushoto zisichanganyike na mpya.